Mega Gani?

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi baba yako mkubwa, na kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, na mkwe wangu hajambo? Mjukuu wangu kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima, ila magoti yangu hunikumbusha umri kila nikishuka ngazi.

Habari za mama yako kuanguka bafuni umezipata kwa simu, tena nusunusu. Tulia. Anakula, na ameshaanza kuulalamikia mto wa hospitali. Lakini nataka ujue kwa nini bado yuko hapa hapa, maana mdogo wako hatakusimulia.

Alipojigonga kichwa alianza kusema maneno yasiyoshikana. Ilibidi daktari mpasuaji wa hospitali kuu azione picha za ndani ya kichwa, aamue kama asafirishwe. Safari ile, kwa barabara ilivyo, ingeweza kummaliza. Daktari mwenyewe alikuwa na robo saa tu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na akiingia hatoki hadi jioni.

Picha alizipiga mdogo wako, ndiyo kazi yake katika hospitali yetu ya hapa. Zote pamoja, za kumtumia daktari kwa intaneti, zilikuwa mega elfu moja na mia mbili. Laini ya hospitali ni mega kumi na sita kwa sekunde. Baba yako, niliyekuwa naye pale, akapiga hesabu kichwani: sekunde sabini na tano, basi. Dakika nne zikapita, ule mstari wa kompyuta unaoonyesha zilizokwisha kwenda haujafika hata nusu.

"Konokono," akamwambia mdogo wako, kwa lile jina la utani la utotoni, "hata mashine umeiambukiza? Imekwama hiyo. Futa uanze upya."

"Haijakwama, baba. Laini ni mega za biti, picha ni mega za baiti. Gawa kwa nane kwanza."

"Mama yako yuko kitandani, wewe unanipa somo la hesabu?"

"Ndiyo. Ukibonyeza hapo tunaanza moja, na daktari hatumpati."

Nikueleze, maana tumezoea kusema "mega" tukaishia hapo, bila kuuliza mega gani. Biti ni chembe ndogo kabisa ya habari: ama sifuri, ama moja. Nane zikikaa pamoja huwa baiti moja. Wauza intaneti hupima mwendo kwa biti, na huiandika kwa b ndogo. Kompyuta hupima ukubwa wa faili kwa baiti, kwa B kubwa. Ni kama bomba lipimwe kwa vikombe na pipa lipimwe kwa ndoo, na kila ndoo ni vikombe vinane. Kumi na sita gawa kwa nane, unapata megabaiti mbili kwa sekunde. Elfu moja na mia mbili gawa kwa mbili, ni sekunde mia sita, yaani dakika kumi. Ukitoka baiti kwenda biti, zidisha. Na hiyo laini ya mega arobaini unayotutambia, kwa baiti ni tano tu. Usinune.

Baba yako akaketi, akaikalia mikono yake yote miwili isije ikabonyeza kitu. Mdogo wako hakuwa hata akiutazama mstari. Alikuwa akimweleza daktari kwa simu picha za kuanza nazo, sauti imetulia kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Zikafika. Daktari akasema damu iliyovuja ni kidogo, mgonjwa asisogezwe, atibiwe hapo hapo kwa dawa na kupumzika. Kesho yake mama yako akaniuliza nani anamwagilia maua yake.

Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, mwanangu, na sijaona mtu akiisimamia hesabu namna ile, mama yake yuko chumba cha pili. Simu ilipokatwa alijifungia stoo ya mashuka akalia, na tangu siku hiyo hali vizuri, halali vizuri. Mpigie. Usimwulize habari za mama, hizo nimekupa mimi. Mwulize habari zake.

Nisalimie mkwe wangu, na mjukuu umbusu mashavu yote mawili. Shangazi yako anakusalimu. Baba yako naye anakusalimu, ingawa ukimwuliza atasema hakunituma. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Ni mimi, nikupendaye kama niliyekuzaa,
Baba yako mkubwa