Folda ya Meleʻana

Nukuʻalofa, 4 Novemba

Shangazi Fusi mpendwa,

Shikamoo. Natumai unaendelea vizuri, na goti lako limekubali kupanda ngazi za kanisa. Mimi sijambo. Mama kule kisiwani anasema hajambo, lakini unaijua hiyo hajambo yake tangu tumzike dada Meleʻana.

Shangazi, nimekwama. Wewe ndiye uliyetufundisha kompyuta mimi na dada yangu, nisaidie. Ofisini tumeweka mfumo mpya wa Linux kwenye seva, na ile programu aliyoiandika Meleʻana, inayowasha vipaza sauti vya visiwani mawimbi ya hatari yakija, imegoma. Lazima niijenge upya kutoka kwenye msimbo wake. Kila nikijaribu, skrini inajaa makosa, na la mwisho linasema tu kwamba ujenzi umeshindikana. Kipaza sauti cha kwetu kiko kilimani, na sasa ni bubu. Mama naye analala pale pale pwani.

Mwanao,
Lopeti

Auckland, 5 Novemba

Mwanangu Lopeti,

Marahaba. Goti halijambo, siku hizi kinachonuna ni mguu mzima. Mvua hapa haikatiki, na binamu zako wanamaliza viazi vyangu vikuu kama wameshindishwa njaa.

Mtoto wewe, nani alikufundisha kumshika samaki mkia? Kosa la mwisho ni kilio cha mashine tu. Panda juu usome la kwanza. Mengine yote ni watoto wake. Lirekebishe, jenga tena, halafu soma la kwanza jipya. Bila shaka kuna maktaba za programu, vile vipande vya msimbo vya kuazima, ambazo Linux mpya haikuja nazo. Nitumie kila kitu kama kilivyo, usichague. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Shangazi yako,
Fusi

Nukuʻalofa, 9 Novemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na mguu. Mimi mwili mzima, usingizi ndio sina.

Ulisema kweli. Maktaba zilikosekana, nimeziweka. Kisha kompaila mpya, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, ikaonekana kali kuliko ya zamani, ikakataa mistari ambayo ile ilikuwa inaisamehe. Nimeinyoosha. Sasa limebaki kosa moja: ruhusa imekataliwa, kwenye folda ya Meleʻana.

Aliyeifunga ni mimi. Tulipofunga chumba chake nyumbani baada ya mazishi, nilirudi ofisini nikafunga na folda yake, asiingie mtu. Kuifungua naweza, funguo zote za seva ninazo. Lakini kwa mila yetu kaka hakanyagi chumba cha dada yake, Shangazi, awe hai awe maiti.

Nikajaribu kuiruka. Programu ilijengeka, ila nilipoijaribu kipaza sauti kilitoa mlio mtupu. Siale jirani yetu alinipigia: "Wee Lopeti, huo mlio ndio nini? Tumedhani pasta kanunua friji bovu!" Hakuna aliyepanda kilimani. Mama hata mkekani hakuinuka.

Na kila nikijaribu tena, mashine inaniandikia jina lake. Nashinda nalo usoni kutwa. Naogopa, sikufichi.

Mwanao,
Lopeti

Auckland, 10 Novemba

Lopeti mwanangu,

Salamu baadaye. Kwenye msiba ule nani alikaa kichwani pa Meleʻana? Mikeka yake alipokea nani? Mimi, dada wa baba yenu, ambaye mila yetu imemweka juu ya watoto wa kaka yake. Chake ni changu, na mimi nakuambia: fungua. Kama kuna laana, initafute mimi huku Auckland, anuani inaijua.

Una mama pale pwani. Fungua, mwanangu.

Shangazi yako,
Fusi

Nukuʻalofa, 2 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Umesikia habari za tetemeko la jana. Sisi wote tu hai.

Niliifungua. Nilipokuwa naandika ile amri niligeuza uso, mjinga mimi, kana kwamba kuna mtu anavaa mle ndani. Zilikuwa faili za sauti tu. Programu ikajengeka bila kosa, ikatoa onyo moja alilolipachika Meleʻana mwenyewe ndani ya msimbo: "Sikiliza sauti kwanza kabla ya kutuma." Sikusikiliza. Ningeanzaje? Nikatuma hivyo hivyo.

Jana bahari ilipotikisika, kipaza sauti kilisema, kwa sauti ya Meleʻana: "Acheni kila kitu, pandeni. Nawasubiri huku juu."

Siale anasema watu waliganda. Kisha Mama akatoka mbio, miguu mitupu, akiitika, "Naja mwanangu, naja!" Aliwapita hata vijana. Kijiji kizima kikamfuata. Wimbi lilichukua jiko letu na uzio, mtu halikumpata.

Lakini Mama hateremki. Amekaa chini ya kipaza sauti tangu jana, anauliza watu Meleʻana amekwenda wapi. Anataka niiwashe tena. Shangazi, sijui nimemwokoa mama yangu au nimemzikia mtoto wake mara ya pili.

Mwanao,
Lopeti

Auckland, 3 Desemba

Mwanangu,

Nimelia mpaka majirani wamebisha hodi. Asante Mungu mko hai.

Usiiwashe sauti ile kumbembelezea mama yako, utampoteza. Rekodi sauti yako. Mwambie wewe ashuke.

Shangazi yako,
Fusi

Bandarini, Nukuʻalofa, 6 Desemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa simu, nimekalia begi langu.

Nilifanya ulivyosema. Nilirekodi: "Mama, ni mimi Lopeti. Hatari imekwisha. Shuka nyumbani." Nikaisikiliza kwanza. Programu ilijengeka bila kosa wala onyo, nikatuma.

Siale amenisimulia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kipaza sauti, akasema: "Aliyeniita nipande amekufa, na alikuja. Huyu anayeniita nishuke yu hai, na tangu mazishi hajaja. Nishuke kwa nani?"

Wanapakia mizigo ya mwisho melini. Nikifika nitapanda kilimani kwa miguu yangu.

Mwanao,
Lopeti