Gari Aliloondoka Nalo Nawaf

Dada Mudhi,

Huku Jahra tupo, ila joto limezidi na goti la Mama bado linamsumbua. Amekutengenezea achari, chupa yako ipo.

Lile gari nililoagiza Marekani limefika: Dodge Charger jekundu la mwaka 1970, limekarabatiwa hadi linang'aa, sawasawa na lile la Baba la kabla ya vita. Unajua mwaka wa pili huu Baba hatutambui wala hasemi. Nilidhani akiliona ataturudia, hata kwa saa moja.

Nilimleta Baba uani, nikawasha injini. Akasimama mwenyewe, akagusa boneti. Mama akalia kwa furaha. Kisha Baba akanigeukia.

"Wewe, hili umelitoa wapi?"

"Nimekununulia, Baba."

"Acha hizo! Kaondoka nalo Nawaf. Mwanangu yuko wapi?"

Dada, tangu kaka yetu Nawaf alipotoka na gari lile kutafuta mkate, siku vita vilipoanza na wanajeshi wakaingia mjini, asirudi tena, Baba hakuacha kumngoja. Maradhi yalikuwa yamemsahaulisha hata hilo. Mimi nimemkumbusha.

Sasa kila asubuhi anaketi garini akimngoja. Nikisema Nawaf amekufa, analia kama kasikia leo. Nikisema anakuja, hakubali kushuka. Nilipoleta mnunuzi wa gari, Baba aliukumbatia usukani akapiga kelele.

Jana nilichoka, nikamwambia mimi ndiye Nawaf. Akanitazama usoni.

"Nawaf ningemjua," akasema.

Wabusu watoto. Usije nao kwa sasa.

Nduguyo,
Mishari