Mlango Wenye Alama ya Pasi

4 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu zangu zikukute umekaa, na kama umesimama kaa kwanza. Mwenye tumbo la miezi minane hasomi barua kwa miguu. Habari za mgongo? Miguu imevimba au bado? Huyo mume wetu anakubebea ndoo, au anakuangalia tu kwa huruma? Mimi mzima. Goti linalia kidogo, ila mdomo haujapata ugonjwa wowote. Anayeandika ni Mama Cherehani wa chumba cha mbele, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Simu yako siitaki. Kila nikianza kunoga, inakatika.

Sasa sikiliza. Nilikuahidi nitakuwa kwako kabla mtoto hajatoka. Mizigo nimeshafunga. Nikasema, mimi dobi, miaka thelathini na moja nafua nguo za watu humu ndani, siwezi kuacha vyumba vichafu wakaja kunisema. Nikafagia, nikapiga deki, nikainua macho nikaona ukuta una masizi ya pasi. Nikaufua. Ndiyo, ukuta. Miche miwili ya sabuni, maji ya moto, brashi ya kola. Masizi yakatoka. Chokaa nayo ikatoka. Nikadhani ni upande ule tu, nikahamia wa pili. Sasa chumba kizima kina mabaka kama ng'ombe.

Akaja mwenye nyumba kukagua, yule mtoto wa marehemu mzee aliyeirithi nyumba mwaka jana. Namwita Bwana Kalamu kwa sababu anatembea nazo tatu mfukoni.

"Bibi, hii nini?"

"Usafi."

"Usafi gani unakula ukuta?"

Akaandika. Akaona misumari kumi na miwili ya kamba zangu za kuanikia siku za mvua, akaandika. Sakafu imepauka nilipokuwa naweka beseni, akaandika. Akafika mlangoni, akaiona ile alama ya pasi, nyeusi tii, akapiga mluzi. Anasema nilipe mlango mpya! Mpaka nilipe, dhamana yangu harudishi, na hatoki mtu wala kijiko. Basi tukae. Mimi sitoki hapa na jina la mharibifu, hata huyo mtoto azaliwe na kuota meno.

Na yote ni kazi ya Fundi Saa wa jirani. Aliazima pasi anyooshe suruali ya kwendea harusi, akairudisha na moto wake, akaiegemeza mlangoni. Miaka kumi na minane sijamwitikia salamu. Mwaka huu nilikuwa nimeanza kulegea. Nimekaza upya.

Nijibu upesi.

Bibi yako

*

11 Machi

Mke mkubwa, bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimekaa, usigombe. Miguu imevimba, sikufichi. Viatu navaa vya mume wetu, naye anabeba ndoo mbili kwa mkupuo ili umwone ukija. Mtoto anacheza usiku na mchana, nadhani kakurithi wewe mdomo na mimi miguu. Chumba chako tayari, kina dirisha la upande wa jua. Kasoro yake ni mlango, bado hatujaweka. Kwa sasa kuna pazia, na kipimo cha fremu nimekuandikia nyuma ya barua, ukipata pazia zito zaidi huko.

Bibi, kwanza: usifue kitu kingine chochote. Weka brashi chini. Usiguse dari!

Pili, usiogope orodha ya Bwana Kalamu. Unajua kazi yangu, karani kwenye yadi ya magari ya kukodi. Gari likirudi, hatumdai mtu kila mkwaruzo. Tunachukua karatasi ya siku alipolichukua, tunalinganisha. Kilichokuwepo kabla si chake. Kilichochakaa kwa kutumika vizuri, kama raba ya tairi, si chake pia; hiyo ndiyo sakafu yako iliyopauka. Alichokivunja mwenyewe, hicho analipa. Sasa bibi, ulipoingia kwenye vile vyumba marehemu mzee hakukupa karatasi? Nakumbuka moja ndani ya mkebe wa vifungo, yenye alama ya dole gumba. Mtafute mtu aisome yote, mpaka mstari wa mwisho.

Tatu. Hapa naomba na wewe ukae.

Fundi Saa hakuchoma mlango. Aliirudisha pasi, akaiweka juu ya kigae chake kama ulivyotuzoesha, akaenda zake harusini. Wewe ulikuwa uani unaanua. Mimi nilikuwa na miaka minane. Ule mlango ulikuwa na mkunjo, unakumbuka? Ule ufa katikati ya ubao. Nikasema, bibi anasema hakuna mkunjo usionyooka kwa pasi yenye moto na mkono mtulivu. Nikaipandisha kwa mikono miwili, nikaiegemeza kwenye ufa, nikahesabu mpaka kumi.

Uliporudi ukapiga kelele "Fundi Saa!" kabla hujaniuliza. Nikanyamaza. Siku ya pili ikawa vigumu kusema, na mwaka wa pili vigumu zaidi. Kila alipokuamkia ukageuza shingo, mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu.

Nisamehe. Na njoo. Sitaki kuzaa bila wewe chumba cha pili.

Mjukuu wako, aliyenyoosha mlango

*

19 Machi

Wewe mtoto wewe,

Habari ya tumbo? Mimi sijambo, ila ungekuwa karibu ningekufinya mpaka mtoto naye aseme samahani.

Utaona mwandiko umebadilika. Mama Cherehani aliposoma pale pa mkunjo alicheka mpaka akakaa juu ya pini zake. Nikamwambia, cheka, ukimaliza nisindikize. Nikajifunga khanga safi, nikaenda kwa jirani. Fundi Saa alikuwa na ile miwani yake ya jicho moja, kainamia saa ya mtu. Nikasimama.

"Shikamoo bibi," akasema, kama anavyosema kila siku, hainui hata kichwa, maana anajua jibu hakuna.

"Marahaba," nikasema.

Bisibisi ikamponyoka.

"Umesemaje?"

"Nimesema marahaba. Na hizo nyingine zote za miaka kumi na minane, marahaba. Mlango aliuchoma mjukuu wangu. Mimi nilikosea, wewe ulikuwa sahihi, na sitarudia kusema maneno haya kwa hiyo yasikie vizuri."

Akaweka saa chini. Nikadhani atanifukuza, na angenifukuza ningeondoka bila neno. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mimi nilidhani unanichukia kwa sababu suruali ile niliirudisha kwako kufuliwa na sikuifuata."

Mjukuu wangu, ile suruali bado ninayo! Nikamletea palepale, imenyooshwa. Haimpiti magoti. Tukacheka mpaka wapita njia wakachungulia.

Ndiye anayeandika sasa. Anasema nikusalimie, na kwamba siku ile, akiondoka kwenda harusini, alikuona dirishani umeishika pasi. Alijua tangu mwanzo! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Anasema, "Ungempiga." Mtu huyu nimemnyima salamu miaka yote hiyo. Hapa kaacha kuandika kidogo. Haya, endelea bwana, usilowanishe karatasi.

Karatasi ya mkebe tumeitoa. Dole gumba ni langu, na chini kuna sahihi ya shahidi. Unajua nani? Huyu huyu Fundi Saa, alikuwa kijana wakati huo. Kanisomea. Imeandikwa kwa mkono wa marehemu mzee mwenyewe: vyumba viwili, vilivyokuwa banda la kuku, kuta zimepakwa chokaa mpya, sakafu ya saruji, bila mlango, bila dirisha, na kuku kumi na mmoja ambao bado wamo.

Bila mlango! Nilikuwa nimesahau, mke mwenza. Mlango ule niliununua mimi kwa fundi seremala, na dirisha pia, nikambebesha babu yako kichwani. Fundi Saa alishika bawaba. Naambiwa nilipie kuharibu mlango wangu!

Mstari wa mwisho umeingia kwenye mkunjo wa karatasi na wino umefifia. Ameuweka chini ya miwani yake ya saa. Kesho atanisomea.

Bibi yako, mdaiwa asiyedaiwa

*

24 Machi

Bibi, shikamoo, mimi mzima, natembea kama bata.

Nimelia na kucheka nikawatisha hata wenzangu ofisini. Mwambie Fundi Saa nitampigia magoti nikijaaliwa, ila kwa sasa nikipiga sitainuka.

Mkunga anasema wiki mbili, labda pungufu. Kwa hiyo tufanye haraka lakini kwa utulivu. Mstari ule wa mwisho ninauhisi. Kwenye karatasi zetu mstari wa mwisho husema mtu arudishe kitu katika hali aliyokipokea. Kama ndivyo, usimwambie Bwana Kalamu kitu bado. Nitamwandikia mimi barua nzuri ya heshima. Usifanye lolote, bibi. Ngoja barua yangu.

Mjukuu wako

*

1 Aprili

Mke mwenzangu,

Umeamkaje, na huyo mkaaji wako amehama au bado anadengua? Mwambie asubiri kidogo, bibi anafunga mzigo wa mwisho.

Barua yako ya kuningojesha ilifika jana. Mimi nilishafanya juzi.

Mstari wa mwisho ndio huo uliousema. Mpangaji akiondoka arudishe vyumba kama alivyovipokea. Nikasema, mimi nimewahi kukataa kulipa? Nikaanza na lililo langu kweli. Ukuta ulikuwa na chokaa, mimi ndiye niliyeifua. Nikanunua chokaa, nikang'oa misumari, nikaziba matundu, nikapaka kuta zote. Kukapendeza mpaka nikajuta kuondoka. Halafu nikamwita Fundi Saa tung'oe mlango. Bisibisi zake ni kama njiti za meno, tukaazima nyingine kwa seremala. Tukang'oa na dirisha. Mama Cherehani akaniazima kuku watatu.

Bwana Kalamu akaja juzi na mpangaji mpya, kijana wa tai. Nimekaa kwenye kigoda katikati ya chumba cheupe, upepo unapita huku unatokea kule, kuku mmoja yuko mapajani.

"Bibi! Mlango uko wapi?"

"Ulipokuwa siku niliyoingia. Haukuwepo."

"Na hawa kuku?"

"Hapo nisamehe. Nilipokea kumi na mmoja, nimepata watatu. Wanane ninadaiwa."

Yule kijana wa tai akacheka, akajifanya anakohoa. Bwana Kalamu akafura. Nikampa karatasi. Akaanza kuisoma haraka haraka, kisha akapunguza mwendo. Akapitisha kidole juu ya maneno. "Huu mwandiko wa baba," akasema. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ya mtoto. Akasoma tena pale pa kuku. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, au yote mawili. "Hao kuku aliwahamishia chumbani kwangu," anasema. "Nililala nao mwaka mzima."

Ndipo nikamwona, yule mtoto mwenye manyoya kichwani! Nilimfulia mashuka. Nikamwambia, "Kumbe ni wewe. Kaa chini." Akakaa.

Akachana orodha yake. Akatoa kalamu moja kati ya tatu, akaandika, Fundi Saa akanisomea: Bibi hadaiwi kitu, na vyumba ameviacha visafi kuliko alivyovikuta. Dhamana akanirudishia palepale. Nikamwambia dirisha ni lako, zawadi yangu, lirudishe. Akasema, "Na mlango, bibi? Niuzie."

Nikamwambia mlango hauuzwi. Umenyooshwa na mjukuu wangu.

Kwa hiyo usininunulie mlango, na hilo pazia lishushe, mimi si wa kulala nyuma ya kitambaa. Nimepima kwa khanga kipimo ulichonitumia, unaingia, labda urandwe chini kidole kimoja. Alama ya pasi asiiguse mtu. Mlango unatangulia leo na lori la mizigo, na barua hii nimeifunga kwenye kitasa. Mimi nafuata keshokutwa. Fundi Saa ananisindikiza, kavaa suruali mpya, na salamu nimemwitikia asubuhi hii mara tatu ili deni lipungue.

Mume wetu autie bawaba kabla sijafika, kisha aufunge. Nataka nibishe hodi kwenye mlango wangu mwenyewe, na anifungulie yule aliyeuchoma.

Bibi yako, niko njiani