Risasi ipi imemwaga zaidi

Boyd, nimejifungia chooni kwa wakwe nisisikike nikicheka. Usinipigie.

Unamjua baba mkwe, Delbert, na bastola yake ya risasi za 357 Sig. Leo kanicheka tena, eti bastola yangu ya milimita tisa ni ya kuulia panya. Nikamwambia, "Baba, risasi za tisa ziko kila duka. Zako unaziagiza kama dawa ya moyo." Akanuna. Akasema twende nyuma ya zizi.

Tukabeba madumu sita ya maji kutoka barazani, tukayapanga mistari miwili, tuone risasi ya nani itatoboa mengi. Rangi ya kahawia tuliiona, tukadhani ni kutu ya kisima chao.

Yangu ikatoboa matatu. Yake matatu, ila la kwanza lilipasuka mpaka likamlowesha uso.

Akalamba midomo. Akalamba tena.

"Mwanangu, haya maji yana sukari."

Boyd, ilikuwa chai ya barafu ya pikiniki ya kanisa. Mama mkwe alikuwa anatupigia kelele muda wote, sisi tumeziba masikio kwa ajili ya milio.

Akaja, mikono kiunoni, akauliza kwa upole kabisa, "Risasi ya nani imemwaga chai yangu zaidi?"

Mzee akatunisha kifua. "Yangu."

Nikasema, "Kweli Baba, leo nakubali. Yako ndiyo kiboko."