Mimi Si Kioo cha Nyuma

Jumamosi, jioni. Joto la leo limegoma kuondoka mjini, na shingo yangu imegoma kugeuka upande wa kushoto.

Shingo inauma kwa sababu ya gari.

Mume wangu, Athumani, ni fundi katika karakana ya reli pale mtaa wa Gerezani. Mwaka jana Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia gari dogo la wazi, la viti viwili, yale ya watu wanaopenda kwenda mbio. Injini ilikuwa imekufa. Athumani aliihangaikia jioni baada ya jioni, na tangu siku ilipounguruma hajawa mtu wa kawaida.

Paa la gari hilo ni turubai lililotandazwa juu ya vyuma. Ukilikunja, linakaa nyuma ya viti limevimba kama furushi la dobi. Kioo cha kutazamia nyuma nacho kimefungwa chini kabisa, karibu na usukani, kwa hiyo ukikitazama unaona turubai. Turubai tupu! Ukiliinua paa, kuna kidirisha cha plastiki kilichogeuka rangi ya chai, hakionyeshi hata jua. Na hata kingekuwa safi, Athumani hataki paa liinuliwe. Anasema hakulifufua gari la wazi ili aje kujifungia ndani yake.

Kwa hiyo kioo cha nyuma ni mimi.

Kila akitaka kurudi nyuma, napiga magoti juu ya kiti, nimeshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, buibui linapepea, natangaza yanayokuja: mama mwenye kapu, baiskeli, mbuzi. Mimi ni nesi. Wanawake niliowazalisha wananiona hivyo katikati ya Kariakoo, wanauliza, "Nesi Zuhura, umeangusha nini?"

Leo tulikuwa tunatoka sokoni, samaki na nazi miguuni pangu. Mbele yetu mkokoteni wa magunia ya mchele ukavunjika gurudumu, ukaziba njia. Athumani akatia gia ya kurudi nyuma, nami nikapiga magoti kama kawaida.

Nyuma yetu, kushoto, ni duka la vitambaa la Mzee Kanji. Alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha, baiskeli yake imeegemea ngazi. Nikaona tunamsogelea mno. Nikapiga kelele, "Basi!"

Mtu yeyote mwenye akili anajua nilimaanisha inatosha, simama. Mume wangu alielewa kwamba kuna basi linakuja. Akakanyaga mafuta arudi upesi pembeni, alipishe.

Baiskeli ilikwenda chini ya gari kwa kelele ambayo bado naisikia. Mzee Kanji alivuta miguu. Kandambili moja ilibaki pale pale, na gurudumu likaikalia.

Niliruka chini, nikamshika miguu yote miwili, nikapapasa kidole kimoja kimoja. Mizima. Mzee alikuwa bado anaitazama kandambili yake.

"Mwanangu," aliniambia, "nilikuona unanitazama. Nikajua niko salama."

Maneno hayo yananichoma mpaka sasa.

Athumani alishuka. "Mzee, nisamehe sana. Huyu kasema basi linakuja."

"Nilisema basi!"

"Ndiyo, si ndiyo hilo basi?"

Wapagazi wa mkokoteni walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimwambia sikai tena ndani ya gari lile mpaka lipate macho yake lenyewe, nikachukua samaki wangu, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani Ilala.

Yeye alifika baadaye, baiskeli ya mzee imekaa kwenye kiti changu. Aliinyoosha, akairudisha na kandambili mpya, kisha akaligeukia gari. Nilisimama mlangoni, mikono nimeikunja. Niliapa sitasaidia.

Kwanza alikifunga kile kioo juu ya kijiti. Injini ilipowaka, kikatetemeka, kila kitu kikaonekana mara mbili. Akakihamishia juu, kwenye fremu ya kioo cha mbele. Turubai bado lilikuwepo, sasa linaonekana vizuri zaidi. Akafunga kioo cha duara cha lori bovu juu ya madigadi. Kikaonyesha mtaro.

Nikashindwa kuvumilia. Paa lenyewe alikuwa analirundika ovyo juu ya vyuma, jinsi anavyokunja mashuka yangu!

"Hebu toka," nikamwambia.

Nililikunjua lote. Nikalivuta turubai lisibanwe katikati ya vyuma, nikaingiza pembe ndani, nikalilaza tabaka juu ya tabaka. Vyuma vikashuka. Athumani akaleta mikanda ya sanduku la zamani, akalikandamiza kwa goti, nami nikafunga. Lile furushi likapungua zaidi ya shibiri nzima.

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Mbona hukuniuliza?"

Nikakaa kwenye kiti cha dereva ili nimpimie, yeye akasimama nyuma ya gari.

"Unaniona?"

"Kifua."

Akaja akakisogeza kile kioo cha juu, akarudi. "Sasa?"

"Mpaka magoti."

Akachutama. Ndani ya kioo ukatokea uso wake, una grisi, umekunjamana kwa wasiwasi kama wa mgonjwa anayesubiri majibu. Hapo nilicheka, nikamkasirikia kwa kunichekesha. Aliyekaa chini karibu na bampa bado haonekani, na nimemwambia hivyo. Amekubali kwamba atakuwa anashuka kutazama kwanza.

Kisha akasema, "Kesho twende Jangwani, uwanja umekauka. Nikufundishe kuendesha."

Nikamjibu sitaki. Nilijibu upesi, kwa hasira iliyokuwa imebaki.

Sasa namsikia bafuni anaoga huku anaimba, nami naandika na kujiuliza nilikataa kwa nini. Usukani ulikuwa na joto la jua. Mikono yangu ilipenda kukaa pale, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mikono ya mtu inaweza kupenda kitu kabla yeye mwenyewe hajakubali.

Akitoka nitamwambia nakwenda, kabla sijakasirika upya.