Nilisifu Mshono wa Juu

14 Machi

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie kufikiri, maana peke yangu nimeshindwa. Mimi ni fundi cherehani, mjane, na binti yangu wa miaka sita alijikata kwa kioo kwenye kifundo cha mkono, zahanati wakamshona, nami nikausifu ule mshono kwa jinsi ulivyonyooka, nikamwambia, "Umepona, mama," kumbe sikuwahi kuuliza kilichokatika chini yake, mpaka wiki iliyopita alipoegemeza vidole kwenye pasi yangu ya moto na hakulia, nikalia mimi.

Daktari bingwa anasema mshipa wa fahamu umekatika, atauunganisha akitazama kwa darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Alinionyesha. Nimeshona miaka kumi na tisa, Shangazi, na sikuuona mpaka alipouweka juu ya kitambaa cheusi. Anasema tusichelewe. Mama mkwe anasema, "Mwache akue kwanza, vimishipa vyenyewe hivyo, watashika nini?" Nami naogopa, kwa sababu marehemu mume wangu alipoingizwa chumba cha upasuaji alinipa kofia yake akasema, "Nishikie, nakuja sasa hivi," na kofia ninayo bado. Juzi mtoto kaniuliza, "Na mimi nikupe nini unishikie?" Fomu ya ridhaa iko kwenye droo ya cherehani, sijaisaini.

Mshika Kofia

Mwanangu,

Pole kwa mwenzio, pole kwa vidole. Sasa nikugombeze. Mteja akikuletea koti lililochanika mpaka bitana, unashona juu tu na kumwambia aende? Na mama mkwe mwambie kwa heshima: udogo wa mishipa ndiyo sababu ya darubini. Ya mtoto huota upya vizuri kuliko yetu, ila haingoji. Kila wiki unayoogopa wewe, anapungukiwa yeye.

Woga wako si upumbavu, basi upeleke hospitali. Jumatatu nenda na fomu. Kabla ya kusaini, omba kukaa na yule atakayempa mtoto dawa ya usingizi. Mweleze baba yake alifariki vipi, muulize kama amezoea watoto. Ukiridhika, saini. Baadaye usitegemee miujiza: hisia hurudi polepole, kwa miezi, na mazoezi ya vidole ni kazi yako kila siku. Na hiyo pasi iweke mbali!

Mtoto akupe ndala zake. Zishike, akiamka umvalishe mwenyewe.

Siku atakapofunga kifungo cha sare yake bila kukitazama, mnikumbuke.

Shangazi