Maelezo Yangu Juu ya Muuza Mikate

4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo ina homa. Ulisema kwenye simu nalia tu na huelewi hata neno moja, niandike. Basi naandika, taratibu.

Ijumaa asubuhi nilikuwa naenda kazini kwa miguu. Karibu na ofisi yetu kuna kituo cha mafuta. Gari jeupe lilitoka getini pale bila kusimama, likamgonga muuza mikate aliyekuwa akipita na baiskeli, upande wake wa barabara, polepole, kreti limefungwa nyuma. Sikuwa mbali, hatua kumi hivi. Mikate ilitapakaa barabarani, na watu waliokuja mbio kutazama wakawa wanaikanyaga. Mimi nilimshikilia kichwa mpaka alipoweza kukaa.

Polisi walipofika, wote waliokuwa wakipiga kelele wakakumbuka kuwa wana kazi. Nikabaki peke yangu. Sajenti akanipeleka kituo cha polisi kuandika maelezo. Chumba kile kina meza moja na benchi moja, na dirisha linatazama choo. Mwenye gari alikuwa ameketi humo humo, amekunja nne, anaulizana na sajenti habari za mtu wanayemfahamu wote wawili. Nikawa nasema, sajenti anaandika. Alipomaliza akanionyesha kwa kidole: saini hapa, hapa na hapa. Nikasaini, nikakimbilia kazini. Nilichelewa kwa saa mbili, na Mkuu wa Masjala amenuna mpaka leo.

Wanasema bega la muuza mikate limeteguka. Nimefanya wajibu wangu, sivyo? Nadhani yameisha.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu upo, unanitabiria mvua kabla ya redio. Cherehani ndiyo mgonjwa zaidi, inaruka mishono kama mbuzi.

Umefanya vizuri kubaki. Marehemu baba yako asingebaki. Kaka yangu namjua, akiona kofia ya polisi, hata iwe imevaliwa na mtoto anayecheza, alikuwa anavuka barabara.

Ila nina swali moja. Wewe ukinunua dawa ya mbu unasoma karatasi yote mpaka jina la kiwanda. Sasa hayo maelezo aliyoandika sajenti yanasemaje? Barua yako ina kila kitu, hata mtu aliyekunja nne, isipokuwa hilo.

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta salama kuliko ilivyoniacha.

Jibu la swali lako ni kwamba sikuyasoma. Kazi yangu ni kusoma karatasi za watu. Faili likikosa namba ya ukurasa mmoja nalirudisha na barua. Yangu mwenyewe sikuisoma, kwa sababu nilitaka kutoka mle chumbani.

Jumanne muuza mikate alikuja masjala. Alipanga foleni kama watu wengine, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Nilidhani amekuja kunishukuru, Shangazi. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Akaniinamia kwenye dirisha la kaunta, akasema polepole, "Dada, nimekukosea nini?"

Amesomewa maelezo yangu. Yanasema aliingia barabarani bila kutazama na kwamba dereva asingeweza kuwahi breki. Sasa yeye ndiye anayefunguliwa kesi. Baiskeli wameizuia uani kituoni kama kielelezo mpaka kesi iishe.

Nilitoka kazini bila ruhusa nikaenda. Sajenti alinionyesha karatasi bila ubishi. Saini zote tatu ni zangu. Nikamwambia hayo si maneno yangu. Hakukasirika, na hilo liliniogopesha zaidi. Alinivutia kiti, akasema, "Kama haya ni ya uongo, uliwadanganya polisi ile Ijumaa. Kama ni ya kweli, unawadanganya leo. Chagua siku."

Nikasema nitafikiria. Nitafikiria! Ndilo neno lililonitoka. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, Shangazi. Karani mwenye kesi ya kudanganya polisi hawamwiti hata kumfukuza, wanatoa tu jina lake mlangoni.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Habari za afya tuziache, leo nimekasirika na nikikasirika siumwi.

Mimi nikikosea mshono namwita mwenye nguo, naifumua mbele yake. Simwambii mwili wake ndio uliobadilika. Wewe umemshonea mtu kosa lisilo lake, na mshono una saini tatu.

Kaa chini uandike maelezo yako upya, kwa mkono wako, ukurasa mmoja. Uliona nini, ulisimama wapi, na kwamba yale ya kwanza hukusomewa. Usimpe sajenti. Mwandikie mkuu wa kituo, upitishe masjala yao. Si ni wewe uliyenichosha masikio likizo iliyopita, kwamba karatasi ikishagongwa mhuri wa kupokea hakuna mkubwa anayeweza kusema hakuiona? Basi kaigongeshe.

Kuogopa ogopa tu, lakini ukiwa njiani. Fanya wiki hii. Yule mtu ana bega moja na hana baiskeli, hawezi kungoja ujasiri wako upate nafasi.

Shangazi yako

21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku wote wazima. Nimeipeleka.

Kazi ni nyingi, tunafunga majalada ya robo mwaka. Nitaandika vizuri baadaye.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na leo naisema kwa sauti. Nimemsomea jirani barua yako. Nimemwambia hata mteja aliyekuja kupimwa sketi, akiwa amebana pumzi, maskini, hakuweza kunijibu. Wote wanasema nimelea mtu.

Sasa nieleze. Mkuu wa kituo amesemaje? Mhuri una tarehe gani? Muuza mikate umemwambia? Barua yako ilikuwa fupi mno. Wewe hata ukiomba chumvi unaandika aya tatu.

Shangazi yako

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Siku kumi na tatu. Simu inaita mpaka inachoka.

Kama uliipeleka, niambie. Kama hukuipeleka, niambie pia, nimeketi. Mara ya tatu sitauliza.

Shangazi yako

14 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaitikia.

Sikuipeleka. Nilipokuandikia kwamba nimeipeleka, ilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye bahasha. Ukurasa mmoja, kama ulivyosema. Niliinakili mara sita. Kila asubuhi nilipita mbele ya kituo na kila asubuhi nilipata sababu: sentensi ya nne ina ukali, mkuu huenda hajafika, nje kuna gari jeupe. Nilikwambia imekwenda kwa sababu nilikuwa na hakika itakwenda kesho yake, na uongo wa siku moja niliona si uongo. Kisha ukaniandikia habari za jirani na yule wa sketi, nikashindwa kushika kalamu.

Alhamisi, baada ya barua yako ya mwisho, nilikwenda. Karani wa masjala yao ni msichana wa umri wangu. Alisoma anwani, akafungua kitabu cha barua zinazoingia, akaandika namba, akagonga mhuri. Dakika mbili, Shangazi. Kitu nilichokiogopa wiki tatu kilikuwa cha dakika mbili.

Nikamwomba aangalie faili la muuza mikate limefika wapi. Akaenda, akarudi nalo kutoka kabati la mashauri yaliyofungwa. Jumatatu muuza mikate alikwenda mwenyewe kukubali kosa. Wakampa onyo la maandishi, wakampa na baiskeli yake. Bega atajitibu mwenyewe. Mwenye gari hana neno lolote lililoandikwa juu yake.

Sajenti alikuwa anapita, akaniona. Nikamwambia nimeleta maelezo yangu. Akasema, "Mwenyewe amekubali. Sasa unataka kumwita na yeye mwongo?" Nikaomba barua yangu iwekwe kwenye faili hivyo hivyo. Akasema iwekwe, kabati lina nafasi.

Nikatoka hapo mpaka kwenye duka la mikate, mlango wa nyuma. Nilimkuta anapakia. Nilimwambia yote, pamoja na habari ya mkoba. Aliendelea kufunga kreti kwa mkono mmoja, na kamba ilikuwa inamponyoka. Nilipomaliza akasema, "Dada, wewe ulikuwa unatafuta maneno mazuri. Mimi wiki tano nimebeba mikate kichwani."

Nikamwambia naweza kuandika juu zaidi, kwa polisi wa mkoa, sasa mhuri ninao. Akasema nisithubutu, nikiandika faili litafunguliwa, na likifunguliwa baiskeli inarudi uani. Kisha akaniomba nimshikie ncha ya kamba apige fundo. Nikashika.

Jirani usimwambie kitu. Nitakuja mwisho wa mwezi nimwambie mwenyewe, na yule wa sketi pia ukinionyesha anakaa wapi.

Jana asubuhi muuza mikate alinikuta njiani, mbele ya kituo cha mafuta. Alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja. Alipiga kengele, kama anavyompigia mtu yeyote aliyesimama vibaya barabarani. Nikampisha.

Mwanao